Fundi Bomba wa Kidoti

— Fundi Bomba ni nani?

Kidoti hakuinua hata kichwa. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini, maana alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na mtu anayefua mashuka ya hospitali nzima hatishwi na swali moja la mume.

— Si fundi wa mabomba? Jina linajieleza.

— Bomba letu limeharibika lini?

— Halijaharibika. Ndiyo raha ya kuwa na fundi mzuri.

Wembe, mumewe, alikuwa kinyozi. Tangu asubuhi mpaka jioni alisikiliza wanaume wakisimulia jinsi walivyoachwa, na alikuwa amejifunza kwamba aliyeachwa huwa wa mwisho kujua. Akaitazama simu ya mkewe mezani. Ikalia *ti!* Jina likawaka: FUNDI BOMBA.

— Haya, fundi wako huyo. Labda anauliza hali ya koki.

— Labda, alisema Kidoti, akaichukua simu na kwenda nayo chooni.

Chooni! Tangu lini mtu akaenda chooni na fundi?

Kesho yake, Kidoti akiwa anaoga, Wembe aliifungua ile simu. Ujumbe ulikuwa mwingi kuliko nywele sakafuni mwa kibanda chake, na wote kwa Kiingereza. Yeye na Kiingereza walikuwa wametengana zamani, bila talaka. Akapiga picha kioo cha simu, akakimbilia kwa jirani yake wa kazini, mzee wa kuchapa barua na kutoa kopi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpiga Chapa.

— Nisomee hii, kaka. Ni ya mteja wangu mmoja, ana wasiwasi na mkewe.

— Mteja wako, ee? Mpiga Chapa alivaa miwani, akakohoa. — Huyu wa kwanza anauliza: "Ulikuwa umeshafunga begi kabla hajarudi nyumbani?"

— Na huyo mwanamke anajibu nini?

— "Ndiyo, nilikuwa nimeshafunga begi kabla hajarudi nyumbani."

Wembe aliketi juu ya boksi la karatasi. Boksi likabonyea.

— Endelea.

— "Alikuwa ameshamwacha mumewe kabla jua halijachomoza." Halafu fundi anamjibu: "Vizuri sana! Sasa mara mbili zaidi."

— Amwache mara mbili zaidi?

— Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kinyozi, kuna kitu hapa sikielewi. Wapenzi gani hawa hawaitani hata "mpenzi"? Wanaandikiana kama wako mahakamani. Mwambie mteja wako aulize kwanza.

— Mteja wangu ameshauliza! Akaambiwa ni fundi bomba!

— Basi mwambie mteja wako apunguze sauti, watu wanageuka.

Siku hiyo mzee mmoja aliingia kwa Wembe kunyoa ndevu akatoka na upara. Hasira haina kitana.

Jumamosi asubuhi Wembe alipata akili, ile akili inayokuja peke yake bila mwenzake busara. Akaingia bafuni na spana, akaifungua koki kubwa mpaka ikang'oka. Maji yakaruka! Wenye kutia chumvi wanasema yaligonga dari, yakafikiri kidogo, kisha yakashuka sebuleni. Jirani anaapa aliona sufuria ikitoka mlangoni na mfuniko wake, kama mke na mume wanaohama.

— Mungu wangu! Kidoti alitoka chumbani ameishika sketi isilowe. — Kuna nini?

— Bomba limepasuka. Mpigie fundi wako.

Kidoti aliyatazama maji. Akaitazama spana iliyochungulia mfukoni mwa mumewe.

— Limepasuka lenyewe?

— Mpigie.

— Una hakika unataka aje hapa?

— Nataka nimwone uso kwa uso! Au hana uso? Au anafundi... anafungua maboksi ya wenzake kwa siri tu?

— Mabomba, mume wangu. Ukikasirika ulimi unateleza.

— Mpigie!

Kidoti alipiga. Akageukia ukuta, sauti ikashuka.

— Njoo. Ndiyo, hapa nyumbani. Kaniambia mwenyewe nikuite... Hapana, hajui. Njoo tu.

*Hajui.* Wembe alilisikia neno hilo likimwingia kama maji sikioni. Akasimama mlangoni na mpini wa fagio, maji yakimfika kwenye vifundo, akimngoja mwanaume.

Teksi ikasimama. Mlango ukafunguka, kikashuka kiatu cheusi kilichopigwa rangi, kisha kingine, kisha bibi mwembamba mwenye miwani na mkoba wa ngozi.

Mpini ukamponyoka.

Alikuwa mama yake mzazi.

Sasa hapo lazima niwaeleze. Huyu mama alikuwa mwalimu wa Kiingereza mpaka alipostaafu, na siku ya harusi alisimama mbele ya wageni akasema mwanawe anaoa mfua mashuka asiyeweza kuomba hata maji kwa Kiingereza. Wembe akajibu, mbele ya wageni hao hao: "Leo sina mama." Akamwambia na mkewe kwamba atakayewasiliana na yule mwanamke, nyumba hii si yake. Hawakuwa wamesalimiana tena.

— Shikamoo, mama, alisema Kidoti.

— Marahaba, mwanangu. Umefanya zoezi?

*Mwanangu!* Wembe aliutafuta ukuta akauegemea.

— Wewe ndiye... fundi?

— Nafundisha. Mkeo ana mtihani wa kuingia chuo cha unesi, Jumatatu. Tumekwama kwenye yale mambo yaliyokuwa yameshatokea kabla ya mengine kutokea. Namtumia sentensi, ananirudishia.

— Lakini mabegi! Kumwacha mume!

— Ulitaka nimtumie sentensi za ng'ombe na maziwa? Mtu hukumbuka kinachomshtua.

Wembe akamgeukia mkewe.

— Kati ya walimu wote duniani?

— Alisema sijui Kiingereza, alijibu Kidoti. — Ilikuwa kweli. Nikaenda kwake nikamwambia, "Mama, basi nifundishe."

— Nikamfungia mlango, mama mtu akasema polepole. — Akarudi. Nikamfungia tena. Akarudi. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na sijawahi kuaibishwa kwa adabu kiasi kile. Nilishamwomba radhi. Yeye.

Alimtazama mwanawe, akangoja. Wembe aliiruka salamu.

— Mke wangu, nisamehe, akasema badala yake.

— Kwa lipi? Kupekua simu yangu, kung'oa bomba, au kunifikiria uliyonifikiria?

— Ungeniambia!

— Nikuambie, unifukuze? Mimi nimekuficha, nakubali. Lakini siwezi kusoma kwenye nyumba yenye polisi. Nakwenda kwa mama mpaka mtihani uishe. Ukishanielewa, mlango wake unaujua.

Wakaondoka wawili, sketi wamezikunja. Wembe akabaki na fagio, akiyasukuma maji nje, na maji yakirudi.

Jumapili mchana alikuwa mbele ya ule mlango. Ndani alisikia sauti ya Kidoti ikirudia sentensi, na ya mama yake ikimrekebisha, ile ile iliyomlaza utotoni. Akabisha.

— Nani?

— Mwanao.

Daftari likafungwa.

— Umemfuata mkeo, au umekuja kwangu?

Uongo ungekuwa rahisi.

— Nimemfuata mke wangu. Lakini nyumba ni yako. Shikamoo, mama.

Kiti kikasogezwa ndani.

— Marahaba.

Akasikia nyayo, kisha sauti ya Kidoti:

— Mama, usifungue kwanza. Aseme aliyoyafanya. Na aseme kwa sauti, kama alivyosema siku ya harusi.

Majirani walikuwa wameshatoka vibarazani. Aliyekuwa na ndoo aliiweka chini. Wembe akavua kofia.

— Nilipekua simu ya mke wangu! Niling'oa bomba la nyumba yangu kwa mkono wangu! Nilisema sina mama, na mama ninaye!

Komeo likalia. Kidoti alisimama mlangoni, macho mekundu, penseli sikioni. Alimtazama tangu kichwa mpaka viatu, bila haraka, kisha akasogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita.

— Ingia, alisema. — Lakini kaa kimya. Tunasoma.