Malori Kumi na Mawili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Emiliana alichukua ndoo mbili na kata, akampitia rafiki yake Dorkasi, wakateremka pamoja hadi Korongo la Msisi. Kijiji chao kilikuwa magharibi ya kituo cha treni cha Zuzu, si mbali na reli, na hakikuwa na maji mengine ya karibu. Korongo hilo lilikuwa mto kwa majuma machache tu ya masika. Miezi mingine yote lilijaa mchanga mtupu, lakini chini ya mchanga maji yalibaki. Wanawake walichimba visima vidogo na kuyachota taratibu kwa kata.

Emiliana alipokuwa darasa la pili, alipiga magoti tu pembeni ya kisima akachota. Sasa alikuwa darasa la sita, na ilimbidi aingie ndani ya shimo. Dorkasi, akiwa juu, aliona kichwa tu cha rafiki yake.

"Yamejaa?" Dorkasi aliuliza asubuhi hiyo.

"Bado. Yanatoka kidogo kidogo. Leo tutachelewa namba ya shuleni."

Walipokuwa wakisubiri, lori lilipita kando yao likiwa limejaa mchanga hadi juu. Mchanga huo ulipelekwa mjini, ambako majengo mapya yaliota kila upande. Mmoja wa vijana waliokaa juu ya mzigo na makoleo yao alikuwa Denis, kaka yake Emiliana. Alimpungia dada yake mkono.

Shuleni, Mwalimu Aneth, mlezi wa klabu ya mazingira, alikuwa amewaeleza kwa lugha rahisi kwa nini visima vinazidi kwenda chini. "Mchanga wa korongo ni tangi letu," alisema. "Hali ya hewa imebadilika. Zamani mvua zilinyesha kwa miezi. Siku hizi zinachelewa, halafu zinakuja kwa fujo siku tatu nne, zimekwisha. Mchanga ndio unaoyashika maji hayo. Ukiondolewa, yote yanapita na kwenda zake."

Ndipo klabu ilipoanza kampeni. Waliandika mabango kwenye maboksi: MCHANGA NI MAJI YETU. Jumamosi waliandamana kutoka shuleni hadi sokoni wakiimba, na watu wengi wakasimama kuwatazama. Mwenyekiti wa kijiji aliwaita, akakubali mwanafunzi mmoja azungumze kwenye mkutano wa kijiji siku ya pili yake. Wenzake walimchagua Emiliana, kwa kuwa hakuogopa mtu.

Jioni hiyo alikaa na Dorkasi kuandika hotuba.

"Tuseme malori mangapi kwa siku?" Emiliana aliuliza.

"Hatujahesabu."

Emiliana alifikiri kidogo. "Naandika hamsini. Nikitaja machache, hawatashtuka."

Dorkasi hakupenda, lakini alimwacha aandike.

Mkutanoni Emiliana alisoma kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye malori hamsini, watu walinong'onezana. Akadhani amewashinda. Kisha Bwana Henry, msimamizi wa uchimbaji, akasimama. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye kofia safi.

"Mwanangu, nimekusikia," alisema. "Mimi nina malori manne. Kila moja linafanya safari tatu kwa siku. Wewe ni mwanafunzi, nisaidie hesabu. Hamsini yanatoka wapi?"

Emiliana alitazama karatasi yake.

"Ulihesabu?" Bwana Henry aliuliza.

"Hapana."

Watu wakaangua kicheko. "Basi, ndugu zangu," Bwana Henry alisema akiwageukia, "kama hilo ni uongo, na hayo mengine je?" Mwenyekiti alifunga hoja, akawaambia watoto warudi kwenye masomo yao.

Nyumbani Denis alikuwa amekasirika. "Leo wapakiaji wote wamenicheka kwa ajili yako. Na malori yakifukuzwa, mimi nifanye kazi gani?"

"Mimi nataka mama apate maji," Emiliana alijibu, kisha akaingia ndani ili kaka yake asione machozi.

Jumatatu Mwalimu Aneth alimwita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile hamsini uliitoa wapi?"

"Niliitunga. Nilitaka wanisikilize."

"Walikusikiliza. Walichosikia ni uongo, na sasa hata kisima kinachokauka hawakiamini. Wenzako wanasema tuiache kampeni. Wewe unasemaje?"

Emiliana aliinua uso. "Siachi, Mwalimu. Kisima kinakauka kweli."

"Basi nenda kahesabu."

Walihesabu kwa siku kumi za kazi. Asubuhi, wanafunzi wakiwa darasani, mama zao waliokuja kuchota maji walishika zamu, wakiongozwa na Mama Paulina, mama yake Emiliana. Mchana hadi jioni zamu ilikuwa ya watoto. Walikaa juu ya ukingo, mbali na njia ya malori, na kila lori lililopita na mchanga walilichorea mstari kwenye daftari. Jua liliwachoma, vumbi likawajaa machoni. Watoto wawili waliugua mafua wakaacha. Emiliana na Dorkasi hawakukosa hata siku moja.

Siku ya nne Bwana Henry aliwafuata. "Nyie bado mpo? Nendeni mkasome."

"Shikamoo," Emiliana alisema. "Tunasoma. Hii ni hesabu."

"Mwambieni mwalimu wenu nitamfikisha wilayani."

"Tutamwambia. Na kesho tutakuwepo."

Bwana Henry aliondoka bila kuitikia salamu.

Mama Paulina naye aliwaonyesha jambo ambalo hawakulijua. Karibu na visima palikuwa na jiwe kubwa jeusi. "Nilipoolewa hapa," alisema, "jiwe hili lilikuwa limefunikwa na mchanga, tulikuwa tunakalia kilele chake tu." Sasa lilimfika kifuani. Walilipima kwa kamba, wakaandika.

Mkutano uliofuata, mwenyekiti alisita kumpa Emiliana nafasi. "Binti huyu alishatudanganya," alisema.

Mama Paulina alisimama. "Bwana mwenyekiti, humu ndani kuna watu wazima waliotudanganya zaidi ya mara moja, na bado tunawapa nafasi."

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka Emiliana. Mwenyekiti akamruhusu.

Emiliana alisimama bila karatasi. "Nilisema malori hamsini," alianza. "Ulikuwa uongo. Niliutunga mimi. Mwalimu hakujua, na rafiki yangu aliniambia hatujahesabu. Naomba radhi."

Akainua uso, akaendelea.

"Bwana Henry alisema ni safari kumi na mbili kwa siku. Tumehesabu siku kumi, na alisema kweli. Kwa hiyo leo natumia hesabu yake. Kumi na mbili mara kumi ni mia moja na ishirini. Malori mia moja na ishirini ya mchanga yametolewa juu ya maji yetu tangu mliponicheka. Nendeni mkalitazame lile jiwe jeusi. Kila mmoja hapa anakumbuka lilikuwa wapi."

Bibi mmoja aliyekaa mbele aliitikia kwa kichwa. "Nililikalia," alisema.

Bwana Henry alisimama tena. "Na vijana wenu watakula nini? Mtoto atujibu hilo."

Safari hii Emiliana hakutunga. "Sijui," alisema. "Lakini bila maji hatutakula chochote, wao na sisi."

Kisha Denis akanyanyuka kutoka nyuma, walipokaa wapakiaji.

"Mimi ni mpakiaji," alisema. "Upande wa juu tumeshagonga mwamba. Wenzangu wanajua. Tukiendelea hivi, mchanga utaisha baada ya mwaka, kazi itaisha, na visima vitakuwa vimekufa. Bora tuhamie kule chini makorongo yanapokutana, hakuna anayechota maji kule."

Mabishano yaliendelea hadi adhuhuri. Mwishowe walipiga kura kwa kunyoosha mikono: kuanzia juma hilo, hakuna kuchimba mahali penye visima. Sehemu mpya haitaguswa mpaka wataalamu wa maji waikague. Denis alikaa nyumbani mwezi mzima bila kazi akisubiri ukaguzi huo. Hakumlaumu dada yake, ingawa zilikuwepo siku ambazo hakuongea na mtu.

Siku ya tatu baada ya kura, lori moja lilikuja visimani kimyakimya, kana kwamba mkutano haukuwapo. Wanawake waliziweka ndoo zao katikati ya njia, wakasimama nyuma ya ndoo hizo. Emiliana na wenzake wakasimama nao. Dereva alipiga honi mara nyingi. Alipochoka, alizima injini, akapiga simu, akaongea kidogo. Kisha akageuza.

Siku iliyofuata, Mwalimu Aneth aliingia darasa la sita, akafuta ubao, akawageukia wanafunzi.

"Kampeni yetu ilikuwa na haki tangu siku ya kwanza," alisema. "Ilikaribia kufa kwa sababu tuliitia chumvi. Anayetetea jambo jema akidanganya, anampa mpinzani wake mahali pa kumshika. Emiliana alikosea mbele ya watu, akasahihisha mbele ya watu hao hao. Hilo ni gumu kuliko kuandamana. Mtakutana na makorongo mengine, na kina Bwana Henry wengine. Hesabuni kwanza. Semeni kilichopo, hata kama ni kidogo kuliko mlivyotaka. Halafu simameni hapo, msiondoke."