Bandari Isiyo na Meli

Asubuhi moja ya Kwaresima, nyasi zilizotandazwa sakafuni mwa ukumbi wa Bwana Hamo de Wendling zilikutwa zimelowa chepechepe, na mvua haikuwa imenyesha. Wymark, mpishi, aliokota kidogo akanusa, akakunja uso.

"Bibi, haya si maji ya kisima. Yananuka bahari."

"Umemwaga pipa la samaki wa chumvi, sasa unaogopa kusema," Idonea, mke wa Hamo, alimjibu akicheka. "Zoa hizo, tandaza nyingine."

Hamo, aliyekuwa mezani, aliacha kutafuna. Bahari ilikuwa mbali, safari ya siku nzima kwa farasi. Yeye peke yake mle ndani alijua ni nani angeweza kuja na harufu ile.

Hamo alikuwa amepanda vyeo polepole katika utumishi wa mfalme. Alianza kama karani, akawa mtoza ushuru wa sufu, kisha mkaguzi wa vifo wa jimbo lake. Mtu akifa ghafla, Hamo aliitwa kuutazama mwili. Na mshukiwa akikimbilia kanisani, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa, lakini ilimpasa aape mbele ya Hamo kuihama nchi milele, na Hamo akamtajia bandari ya kuondokea. Mtu huyo alivuliwa viatu, kofia na mshipi, akashikishwa msalaba wa mti, akashika njia kuu. Akichepuka, yeyote angeweza kumkata kichwa. Akifika na kukosa meli, aliingia baharini kila siku hadi magotini, akiita apewe safari, ili watu waone kwamba hakukataa kuondoka.

Thurstan, mtengeneza ngozi, aliapishwa hivyo baada ya mavuno, naye hakuwa ameua mtu. Muuaji alikuwa mpwa wa liwali wa jimbo. Liwali alimvuta Hamo kando ya makaburi.

"Huyu asije akarudi kusimulia habari za mpwa wangu," alinong'ona. "Mimi nikiondoka kwenye kiti hiki, nitalitaja jina lako kwa mfalme. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bwana."

Akaingia kanisani, akamtajia Thurstan bandari ya Harnsey. Alijua fika kwamba mchanga ulikwisha kuiziba, na kwamba hakuna meli iliyotia nanga huko tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Thurstan, mtu wa bara asiyewahi kuiona bahari, alimshukuru. Shukrani ile ndiyo iliyomkaa Hamo kooni kama mwiba wa samaki. Katikati ya baridi waokota kome walimkuta Thurstan amekufa majini, bado ameukumbatia msalaba wake.

Sasa barua ya mfalme ilikuwa imefika. Hamo alikuwa amekabidhi ukaguzi wa vifo, na Alhamisi angeapishwa kuwa liwali.

Maji yalizidi. Kila bahari ilipojaa huko Harnsey, ukumbi nao ulijaa, kwanza vifundoni, kisha juu zaidi, na ndani yake zilisikika nyayo za mtu akivuta miguu topeni. Idonea hakucheka tena. Alikohoa, na alichokitema kilikuwa cha chumvi.

Padre Osbert aliitwa, akaja mchana kweupe na maji ya baraka. Alipoanza kusali mishumaa ilizimika yote pamoja, na uvundo wa mwani na ngozi mbichi ukajaa ukumbini hata Wymark akaziba pua na kutapika palepale, na nyayo zikaja kutoka jikoni, zikapita meza, zikapita kiti cha bwana, zikasimama mbele ya Hamo, naye akamwona mtu peku, kichwa wazi, magoti yake yamebabuka kwa baridi, midomo yake imepasuka kwa chumvi.

"Meli, bwana," mtu huyo akasema. "Kwa mapenzi ya Mungu na amani ya mfalme, nipeni meli."

"Nenda Dover!" Hamo alipayuka. "Nakupa Dover! Meli zimejaa huko!"

"Cheo hicho umekwisha kukiacha, bwana. Neno lako halinisogezi."

Akatoweka. Padre akamgeukia Hamo. "Hamo, mwanangu, umemfanya nini mtu huyu?"

Hamo alieleza yote, macho chini.

"Kwangu umeungama," padre alisema. "Lakini yeye ulimwapisha mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu. Alhamisi jimbo zima litakuwepo."

"Sema, mume wangu," Idonea alimsihi, nguo zimemganda mwilini. "Hata wakitunyang'anya nyumba, tutakula njegere kama zamani. Mimi sitaki kufa kwa ajili ya kiti."

"Nitasema," Hamo aliapa.

Alhamisi alisimama mbele ya mabwana na wakulima wa jimbo. Liwali wa zamani alikaa mbele, akitabasamu. Hamo alifungua kinywa, na maneno yalikuwepo, yote, tayari ulimini. Akala kiapo cha uliwali. Watu wakashangilia. Alijiambia angesema kesho, na hapohapo alijua anajidanganya, akajiona mchafu.

Alifika nyumbani kesho yake, akakuta ukumbi mkavu. Wymark alikuwa kizingitini, analia.

"Bibi ameondoka tangu jana, bwana. Peku, kichwa wazi, bila mshipi. Kashika msalaba wa mti."

"Kwenda wapi? Nawe ulikuwa unatazama tu?"

"Nilimng'ang'ania, akanisukuma. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema bandari yake umemtajia wewe."

Hamo alimkimbiza farasi mpaka mnyama akaanguka, naye akamalizia kwa miguu. Alimkuta Harnsey, amesimama katika maji ya kijivu hadi magotini, akiita meli kwa sauti nzito ya kiume. Waokota kome walitazama kwa mbali, wakifanya ishara ya msalaba. Hamo alimkumbatia, akamvuta kwa nguvu zake zote, na miguu ya Idonea haikutikisika hata kidogo, na bahari ilikuwa inajaa.

"Nilijua!" akawapigia kelele wale walio ufukweni. "Sikilizeni! Thurstan hakuua! Aliyeua ni mpwa wa liwali! Nilijua hapa hakuna meli, nikamtuma huku afe, kwa sababu nilitaka cheo! Ni mimi!"

Idonea alishusha pumzi, akamlegea mikononi. Wanawake wawili wakaingia majini, wakampokea, wakampeleka nchi kavu akilia kwa sauti yake mwenyewe.

Hamo alitaka kuwafuata. Mguu wa kulia ukakataa. Akajaribu wa kushoto. Maji yalikuwa yamempita magoti, na mkewe alikuwa amegeuka, anamnyooshea mikono. Akafungua kinywa kumwita, akajisikia akiita meli.