Kitanda Kisichokatwa

Jua lilikuwa linazama Mama Pacha alipokwenda kwa seremala kuazima msumeno.

Bado walimwita hivyo, Mama Pacha, ingawa pacha mmoja, yule waliyemwita Mkubwa, alikuwa ameshazikwa. Watu hawakujua wamwite nani tena, naye hakuwasaidia. Akiitwa, aliitika.

Seremala alizoea kusema kwamba msumeno ni kama mswaki, hauazimwi. Akaanza utani wake, akaukatiza katikati. Alijua msumeno unakwenda kufanya kazi gani, maana mtaa mzima ulikuwa umesikia redioni. Kampuni iliyotengeneza vile vitanda vya watoto ilikuwa inavikusanya vyote. Komeo lilikuwa na kasoro. Ubavu wa kitanda, ule unaopandishwa na kushushwa, ulijiachia wenyewe, mtoto akanasa shingo. Tangazo lilisema mtu asikiuze, wala asikigawe. Akate ubavu kwa msumeno, kisha wakusanyaji watapita kukichukua.

"Niachie mimi kazi hiyo, shemeji," seremala alisema.

Mama Pacha akakataa. Yeye ndiye aliyemlaza Mkubwa mle kitandani. Atakikata yeye.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa chumba cha nyuma, anambembeleza Mdogo, pacha aliyebaki. Baba wa watoto alikuwa safarini na lori. Walikuwa watu wa sala. Siku ya mazishi Mama Pacha aliambiwa Mungu alitoa, Mungu ametwaa, akasema amina, na aliiamini amina yake. Ila hakulia. Macho yake yalikuwa kama bomba lililokatiwa maji. Unafungua, hakitoki kitu.

Kitanda kilikuwa mahali pake, chini ya dirisha. Akapiga magoti, akauweka msumeno juu ya ubavu.

Mkono haukusogea.

Harufu ya poda ya mtoto ikamjia, nzito, kama kopo limemwagika karibu yake. Hakuna aliyepaka poda ndani ya nyumba ile tangu msiba...

Tak.

Ubavu ulishuka wenyewe.

Ndipo akasikia hodi.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu, mikono ya vazi hilo mirefu hadi imefunika vidole. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na ua ulikuwa tope tupu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Akasema amefuata kitanda. Mama Pacha akamweleza kwamba hajakikata bado, na kwamba wakusanyaji walisema kesho. Mgeni akasema yeye hutangulia.

"Usikikate," akanong'ona. "Ukikikata, atalala wapi?"

Mwingine angepiga yowe. Mama Pacha aliyasikia maneno yale kama mazungumzo ya majirani, upande wa pili wa ukuta. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kitu kikalegea kifuani mwake. Mwanawe alikuwa amelala udongoni, na kitanda hiki kilikuwa chake.

Akampisha.

Siku kile kitanda kinaingia, mumewe na seremala walikibeba wawili na bado wakatweta. Mwanamke yule alikiinua peke yake kama kapu tupu. Alipofika kizingitini akasimama. Hakugeuka.

"Na mwenzake?"

"Yupo. Amelala kwa bibi yake, chumba cha nyuma."

"Haya," alisema yule mwanamke. "Mwache alale."

Kulipopambazuka, gari la kampuni likaja. Dereva alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi. Alianza kwa mzaha kwamba nyumba zote humpa vitanda, hakuna inayompa hata kikombe cha chai. Mama Pacha akamwambia kitanda kimeshachukuliwa, tena na mwenzao wa kike. Dereva akavua kofia. Akasema katika kazi yao hakuna mwanamke. Akauliza kama kilikuwa kimekatwa.

Hakikukatwa.

Dereva akaikunja kofia mikononi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mgeni aliulizia mtoto mwingine.

"Aliulizia."

"Ukamwambia yuko wapi?"

Mama Pacha akageuka kukitazama chumba cha nyuma. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake na Mdogo mgongoni, akakaza mbeleko.

Dereva akasema kuna nyumba moja waliyopita, shangazi wa watoto alidanganya kwamba hakuna mwingine aliyebaki. Mwanamke yule akaenda zake, hakuonekana tena. Mama mkwe akataka kujua kama kuna waliosema kweli.

"Wapo, mama. Sasa hivi nyumba yao haina mtu wa kutufungulia mlango."

Kitanda kile kiko wapi, hakujua. Huyo mwanamke ni mama wa nani, au kitu gani, hakujua pia. Akavaa kofia yake akaondoka.

Mama mkwe aliomba katika kila pembe ya nyumba, na Mama Pacha aliitikia amina. Siku hizi wanalala chumba cha mbele, godoro chini, Mdogo katikati yao. Msumeno uko chini ya mto. Seremala hajaudai, naye, mtu wa msumeno na mswaki, hupita nje bila kuutazama mlango.

Mtoto ni mzima. Anakula. Anacheka.

Lakini kila giza linapoingia, sauti ile husikika nyuma ya ukuta wa chumba cha nyuma, ambako hakuna chumba kingine, ni uwanja mtupu. Tak. Mama Pacha hutega sikio asikie ubavu ukipandishwa, kama anavyofanya mama aliyekwisha kumlaza mwanawe. Haupandishwi. Umeshushwa, unangoja.

Jana ilisikika upande huu wa ukuta.

Mama mkwe akaongeza sauti ya sala. Mama Pacha akaingiza mkono chini ya mto, akaushika msumeno, akatafuta cha kukata. Hakukiona.

Mdogo alikuwa ameamka. Aliutazama mlango wa chumba cha nyuma, akatabasamu, akainua mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa.