Mlango wa Kimeng'enya

Asubuhi hiyo watu walisongamana mbele ya lifti za jengo la maabara, na katika kusukumana huko sanduku la barafu la mkemia mmoja kijana likamgonga goti binti aliyevaa gauni la samawati lililonyooka kwa pasi.

"Kaka, umebeba samaki?"

"Vimeng'enya vya sabuni, dada. Niwie radhi."

"Basi usivimwage. Mimi ndiye mchora maumbo mpya. Nimeajiriwa kwa ajili ya hivyo hivyo."

Mchana walikula pamoja. Mafuta yakadondokea leso nyeupe ya kijana, binti akaichukua. "Nitakufulia," alisema. Hakuirudisha, na haikupita miezi mingi wakawa wanaitana laazizi.

Kazi yao ilikuwa kupata kimeng'enya, yaani protini ya kuyeyusha madoa ya mafuta, kitakachofanya kazi katika maji ya moto. Kijana alikikaza umbo lake kwa vifungo kila upande, hata joto likashindwa kukikunjua. Alijivuna kwa haki. Hata hivyo, madoa hayakutoka.

Binti alimwonyesha mchoro kwenye kompyuta. "Tazama, mpenzi. Mafuta huingia hapa, hukatwa, hutoka. Huu ni mlango, nawe umeupigilia misumari!"

Wenzao wakaangua kicheko. Kijana akaondoka, na tangu hapo simu za binti zikaita bila kupokelewa. Aliposikia kwamba binti ametengeneza kingine, moyo ulimchoma: amefuta kazi yangu yote.

Mwishowe alipokea simu.

"Utaninunia mpaka lini? Njoo maabara."

Alikwenda, uso ameukunja. Binti alikuwa akiitoa ile leso kwenye maji yanayofuka mvuke, nyeupe pe. Kijana akageukia mchoro, akavitafuta vifungo vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwapo, isipokuwa viwili vya mlangoni.

"Hukuvitoa?"

"Nivitoe ili kimeng'enya kiive kama yai? Mwili ulivyoukaza wewe, hakuna awezaye kuukaza hivyo. Mimi nimelegeza mlango tu."

Kwenye kioo cha kompyuta ule mlango ulifunguka na kufungika, mwepesi kama kope, huku mwili mzima umetulia imara. Kijana hakuwahi kuona kazi nzuri kama ile.

"Nimekudhania vibaya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mnunaji wangu."

"Basi nataka kukuoa."

"Unaniposa huku nimeshika leso yenye mafuta?"

"Imekwisha kutakata."

Binti akaikunja, akamtilia mfukoni. "Kamwambie mama yako."