Walipomfukuza Mchunguzi

Mwaka ule mvua zilikatika mapema katika kijiji cha Mapambano, kwenye njia ya kwenda Ipole. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Tumbaku ilipona kidogo, lakini tumbaku hailiwi. Watu waliishi kwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa mahindi ya msaada yaliyogawiwa kwenye ghala la kijiji.

Josepha alikuwa mke wa Tobias, balozi wa nyumba kumi. Nyumba yao ilitazamana na nyumba ya Marko, mdogo wake Tobias. Tangu walipohamia kijijini, ndugu hao walikula pamoja. Josepha alisonga ugali. Flavia, mke wa Marko, alileta mlenda. Watoto wao, Maua na Silasi, walikula sinia moja. Maua alikuwa binti wa Josepha, mtoto wa miaka minne, mwenye maswali mengi kuliko hakimu.

"Mama, kwa nini jogoo hatagi?"

"Muulize mwenyewe jogoo."

Naye Maua alikwenda kweli, akachuchumaa, akamuuliza.

Kisha maradhi yakaingia kijijini. Mtu alikula vizuri, akaondoka vizuri, halafu ghafla akaanza kutapika na kutetemeka. Baadhi walipona. Bibi Mwanajuma, mjane aliyeishi karibu na kisima, hakupona. Alizikwa, na maneno yakaanza. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema ni maji.

Mkutano mkuu wa kijiji ukaitwa. Watu wakakubaliana kwamba sababu ichunguzwe. Wakamchagua Shaban, fundi bati aliyehamia kutoka Mtendeni, Tabora mjini. Walimchagua kwa sababu alijua kuandika taarifa, na kwa sababu hakuwa na ndugu kijijini. Asiye na shemeji wala mjomba, walisema, hatampendelea mtu.

Shaban alipita nyumba kwa nyumba. Alifika kwa Josepha asubuhi.

"Hodi, mama Maua."

"Karibu, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Nina maswali machache tu. Mahindi mnayokula yametoka wapi?"

"Ghalani, kama ya watu wote."

"Yana harufu yoyote?"

"Hapana. Mbona unauliza harufu?"

"Waliougua wote walikula ya ghalani. Lakini si wote waliokula ya ghalani waliougua. Labda kuna magunia mabaya na magunia mazuri. Sijui bado. Kesho nitaomba kuingia ghalani."

Kesho yake Josepha alikuwa kwenye foleni ya mahindi. Kwa hiyo aliyaona yote kwa macho yake. Shaban alimwomba mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ngollo, amruhusu kuingia ghalani. Ngollo alikuwa mtu mwenye kimo na sauti nzito. Ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwake. Alipanda kwenye ngazi ya ghala akawageukia watu.

"Ndugu wananchi, uchunguzi umekwisha! Ndugu Shaban anawatia watu hofu. Wageni wa wilaya wanakuja kutazama maendeleo yetu. Je, wakute tunalia kwamba chakula ni sumu? Kuanzia leo huyu si mchunguzi."

"Ndugu Mwenyekiti," Shaban alisema, "kazi sijaimaliza. Ghalani bado sijaingia."

"Na hutaingia."

Ngollo akafunga mlango. Shaban akabaki amesimama, kofia yake mkononi.

Tangu saa ile kijiji kikapasuka vipande viwili. Wa upande mmoja walisema mwenyekiti amefanya vema, kwa kuwa fundi ni mtu wa mjini na hapendi ujamaa. Wa upande wa pili walisema mwenyekiti ni mwizi, anauza mahindi kwa mlango wa nyuma. Walibishana kisimani. Walibishana kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Hata mlangoni mwa kanisa walibishana.

Wakati huo watu wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya kisomo. Asubuhi moja maneno yalionekana kwenye ukuta wa ghala, yameandikwa kwa mkaa: SHABAN MCHOCHEZI. Kesho yake chini yake palikuwa na mengine: NGOLLO MLAFI. Hakuna aliyejua nani ameandika. Siku zilizofuata ukuta ulijaa. Watu waliamka na kukimbilia kuusoma kabla hata ya kunawa uso. Aliyetukanwa alijibu. Aliyejibiwa alitukana zaidi. Walitaja mama za watu, dini za watu, na makabila ya watu. Neno moja tu halikuandikwa popote: mahindi.

Ugomvi ukaingia hadi nyumbani kwa Josepha. Jioni moja Tobias alisema, "Mwenyekiti ana sababu zake. Kiongozi hawezi kueleza kila kitu."

Marko akaacha kula. "Kaka, mtu anayefunga mlango ana kitu nyuma ya mlango."

"Wewe umelishwa maneno na Mswahili wa Mtendeni."

"Na wewe umenunuliwa kwa ubalozi."

Tobias akasimama. Marko naye akasimama. Wake zao wakaingia kati. Tangu jioni hiyo kila nyumba ilikula peke yake. Silasi akija kucheza na Maua, aliitwa na kurudishwa. Flavia na Josepha walisalimiana kwa kichwa tu, kama watu wasiojuana.

Baadaye mahindi yaligawiwa tena. Josepha alipepeta fungu lake uani. Harufu kali ikampanda puani, kama ya mafuta ya taa, lakini chungu zaidi. Akakumbuka swali la Shaban.

"Baba Maua, njoo unuse."

Tobias akanusa, akakunja uso.

"Tuyarudishe," Josepha alisema.

"Turudishe? Mimi balozi, nionekane nabeba mahindi kuyarudisha? Watasema tumehamia upande wa Shaban. Kesho itakuwa ukutani."

"Basi nimuulize fundi mwenyewe. Siri."

"Usithubutu kukanyaga kwake! Yaoshe, yaanike. Njaa haichagui."

Josepha aliyaosha, akabadilisha maji, akaosha tena. Akayaanika juani. Harufu ilipungua. Akayatwanga, akasaga, akahifadhi unga.

Asubuhi iliyofuata alimkorogea Maua uji. Mtoto aliumaliza akalamba kata. Josepha na Tobias walikula michembe iliyobaki, ili unga umtoshe mtoto. Jua lilikuwa bado halijawa kali Maua aliposema tumbo linamuuma. Akatapika. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka, na macho yakageuka juu.

Josepha akapiga ukelele. Marko alikuwa uani kwake akitia mpini kwenye jembe. Alilitupa jembe, akaja na baiskeli yake. Josepha akapanda nyuma, mtoto kifuani. Tobias akakimbia nyuma yao, miguu peku, mchangani.

Kwenye zahanati ya kijiji cha jirani walimkuta Nesi Imakulata, mama mfupi mwenye mikono yenye nguvu. Alimpokea mtoto, akamlaza ubavu, akamfuta povu. Alifanya alichoweza, lakini haikutosha. Kabla jua halijapinduka, Maua alitulia kabisa.

Josepha hakulia mara moja. Alikaa sakafuni ameushika mguu wa mwanawe. Tobias alipofika, alitazama kitanda, kisha akageukia ukuta, akaufunika uso wake kwa shati.

Nesi Imakulata alichuchumaa karibu na Josepha.

"Mama, pole sana. Najua si wakati wake. Lakini lazima niulize, ili asife mwingine. Mtoto alikula nini?"

"Uji."

"Mahindi yametoka wapi?"

"Ghalani."

"Yalikuwa na harufu?"

Hapo ndipo Josepha alipolia. Maswali yalikuwa yale yale. Shaban aliyauliza mlangoni kwake, na wote walikuwa wamebishana juu ya Shaban wakayasahau.

"Yalinuka," alisema. "Niliyaosha. Mwanangu nimemlisha kwa mkono wangu."

"Nisikilize," Imakulata alisema. "Hukujua. Dawa ya kuua wadudu wa tumbaku ina harufu kama hiyo. Ikimwagikia chakula, inaingia ndani ya punje. Maji hayaitoi, jua haliitoi, hata moto hauitoi. Mahindi ya namna hiyo hayaliwi na mtu, hayapewi kuku, hayapikiwi pombe. Yanafukiwa mbali na kisima. Na dawa hiyo haiwekwi kamwe nyumba moja na chakula. Je, kijijini kwenu dawa ya tumbaku inawekwa wapi?"

Marko na Tobias walitazamana. Hakuna aliyejua. Tangu upepo uliezue banda la dawa, hakuna aliyewahi kuuliza madebe yalihamishiwa wapi.

Marko alipasuka kwa hasira. "Ngollo ameua! Nitaliandika jina lake kwa herufi kubwa!"

"Usiandike," Imakulata alisema. "Umemwona akimwaga dawa? Hujamwona. Ukisema usilolijua, unampa njia ya kutoroka. Watu watabishana kuhusu tusi lako, na magunia yataendelea kugawiwa. Semeni mnayoyajua tu. Watu wameugua. Mlichagua mchunguzi. Mchunguzi amefukuzwa kabla ya kuingia ghalani. Hayo yanatosha."

"Lakini mwenyekiti amekataa," Tobias alisema kwa sauti ndogo.

"Nani alimchagua mchunguzi?"

"Mkutano mkuu."

"Basi anaweza kuondolewa na mkutano mkuu tu. Mwenye ufunguo wa ghala hawezi kumfukuza anayechunguza ghala. Hata kama ni mtu mwema. Hata kama hana hatia. Takeni mkutano. Mimi nitapeleka habari wilayani leo hii, na siku ya mkutano nitakuja."

Wakarudi kijijini na maiti. Silasi, mtoto wa Flavia, alikuwa mzima, kwa sababu nyumba hizo mbili zilikuwa hazili tena pamoja. Flavia alilifikiria hilo akashindwa kumtazama Josepha usoni. Josepha akamvuta, wakakaa mkeka mmoja.

Msibani nako watu walianza. Mmoja alisema damu ya mtoto iko juu ya Ngollo. Mwingine alisema ni Shaban aliyetia sumu ili aonekane mkweli. Sauti zikapanda. Josepha akainuka katikati ya wanawake. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni.

"Nyamazeni! Mnanigombania mtoto wangu kama mpira. Nani kati yenu amekwenda kutazama ndani ya ghala?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Hakuna. Basi anayetaka kunisaidia, asimtaje Ngollo wala asimtaje Shaban. Arudi nyumbani anuse mahindi yake. Yenye harufu yasipikwe. Kisha tudai mkutano."

Tobias alianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba watu wadai mkutano. Nyumba ya kwanza aliyopiga hodi ilikuwa ya Marko.

"Mdogo wangu," alisema, "nilimtetea mtu, sikumtetea mwanangu."

Marko aliinuka. Alichukua kofia yake, wakatoka pamoja.

Mkutano ulijaa; hata wazee wa kubebwa walikuja. Ngollo alitaka kuanza na habari za wageni wa wilaya. Josepha akaomba kusema.

"Ndugu Mwenyekiti, sikutukani. Nakuuliza tu. Dawa ya tumbaku iko wapi?"

"Mambo ya pembejeo yanashughulikiwa na uongozi."

"Iko wapi?"

Nesi Imakulata alikuwa amesimama pembeni. Shaban alikuwa nyuma kabisa. Watu wote walimtazama mwenyekiti. Hakuna aliyepiga kelele, na kimya kile kilimlemea Ngollo kuliko matusi yote ya ukutani. Polepole akauvua ufunguo shingoni.

Walioingia walikuwa Shaban, nesi, Tobias na Marko. Walikuta madebe ya dawa yamepangwa juu ya rafu mbovu, na chini yake magunia. Debe moja lilikuwa limetoboka kwa kutu. Doa jeusi lilishuka hadi kwenye magunia ya pembeni. Magunia mengine yalikuwa mazima. Ilikuwa kama Shaban alivyodhani tangu mwanzo.

Ngollo akasema ukweli, akitazama chini. Banda la dawa liliezuliwa na upepo, naye akaamuru madebe yahamishiwe ghalani kwa muda. Bibi Mwanajuma alipokufa, alishuku. Aliogopa wageni wa wilaya wasije wakasema kijiji chake ni kibaya.

"Nilidhani nikinyamaza yatapita," alisema.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mzee mmoja alisema. "Tatizo ni kwamba hukufa wewe."

Mkutano ulimwondoa Ngollo kwenye uenyekiti, na shauri lake likapelekwa wilayani. Wengine walitaka kumpiga. Tobias na Marko walisimama mbele yake wakawazuia. Shaban alirudishiwa kazi yake akaimaliza. Wapo waliomwomba radhi. Wapo ambao hawakumwomba, na mpaka leo wanapishana naye bila salamu.

Mahindi yenye harufu yalifukiwa mbali na kisima. Madebe matupu yalitobolewa yakafukiwa nayo, ili asije mtu akayachotea maji. Banda la dawa likajengwa upya, peke yake, lenye kufuli. Njaa iliuma zaidi kwa sababu ya magunia yaliyofukiwa. Watu walichimba mizizi porini. Lakini hakuna tena aliyetetemeka.

Mkutano uliamua jambo moja zaidi. Chakula chochote kikiletwa, mtu aliyechaguliwa na mkutano akikague kwanza, na asiondolewe na mtu mwingine yeyote. Wakamchagua Josepha.

Lori la kwanza lilipofika kutoka Tabora, jua lilikuwa kali, na watu walikuwa na njaa. Mwenyekiti mpya alitaka kazi iende haraka.

"Mama Maua, magunia haya yanaonekana mazuri. Tuanze kugawa."

"Bado, Ndugu Mwenyekiti."

Josepha alifungua gunia la kwanza, akachota punje kwa kiganja, akanusa, akaziponda kwa jiwe, akanusa tena. Akaenda la pili. Mwenyekiti alijipangusa jasho. Kisha akasogea kando kwenye kivuli cha lori, akakaa chini pamoja na watu wengine, akangoja.