Vivuli Elfu Moja vya Luhende

Chai ilikuwa haijafika mezani, na tayari bingwa wa dunia wa uzito wa juu alikuwa amepigana mara elfu tatu.

Hakuwa yeye mwenyewe, bali kivuli chake. Mashine iliyoitwa mpambanishi ilikuwa imekusanya kila ngumi aliyowahi kurusha Galus Mwakipesile, pumzi zake, mapigo ya moyo wake, hata namna anavyokanyaga, ikamfinyanga kwa mwanga. Sasa alikuwa mtu wa shibiri mbili, anarukaruka juu ya meza ya Kamati ya Ngumi jijini Mwanza. Kila mpinzani alifinyangwa vivyo hivyo. Vivuli viwili vilipigana mara elfu moja ndani ya dakika tano, kisha mashine ikatoa hesabu: mpinzani ameshinda mara ngapi. Ilikuwa na miaka tisa pale, na haikuwahi kuaibika.

Mhandisi wake, Kabula, alisimama kando ya meza. Kati ya wapinzani watatu waliojadiliwa siku hiyo, mmoja, Luhende, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na mle chumbani hakuna aliyejua.

"Mapunda, tisini," alisoma mwenyekiti, Mzee Mbonea. "Loishiye wa Arusha, mia na arobaini. Luhende..." Akavua miwani. "Kumi na moja? Huyu si ndiye mtaa mzima wa Mabatini unamlilia?"

"Ndivyo mashine ilivyosema, Mzee," Kabula alijibu.

Uongo mtupu. Mashine ilimpa Luhende mia mbili na themanini, hesabu ambayo hakuna mpinzani aliyewahi kuifikia. Lakini ilitoa na hesabu nyingine, ile ambayo kamati iliagiza isionyeshwe mezani, eti inavunja watu moyo. Katika mapambano elfu moja, mara mia tatu na kumi Luhende alianguka asiamke tena. Asubuhi ile ile Kabula akaona amshushe hadi chini kabisa. Nani angemtaka mtu wa kumi na moja? Hayo ndiyo mawazo ya mtu anayejua mashine asiyejua ngumi.

Mzee Mbonea alimtaka Loishiye. Mtu wa mkono wa kushoto, alisema, atamsumbua Galus, maana watu wamechoka kuona kazi inaisha raundi ya pili. Bi Nyanjige, mwenye matangazo, akamtetea Mapunda: mkongwe, anapendwa.

"Mapunda ana miaka arobaini na mbili!" Mzee alifoka. "Mnataka pambano au msiba?"

Walibishana hadi chai ikaja na ikapoa. Bwana Tenga, meneja wa bingwa, alikuwa amewaacha wabishane. Akajinyoosha.

"Nipeni huyo wa kumi na moja."

"Unatania," Mzee alimwambia.

"Galus ana bega bovu. Nataka mtu wa kupigwa tu, bega lipate nafuu. Kila bingwa hutafutiwa mtu wa namna hiyo, Mzee, usijifanye mgeni."

Akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha mkataba. Kioo kikawaka kijani. Kwa kanuni zao, kidole kikishawekwa hakiondolewi.

"Subirini!" Kabula alipaza sauti. "Nimedanganya. Si kumi na moja. Ni mia mbili na themanini."

Tenga aliruka kitini. Kabula alitegemea hofu hiyo hiyo imwokoe mdogo wake. Lakini Mzee Mbonea alikuwa anacheka kwa furaha.

"Mia mbili na themanini! Hatimaye tumepata mshindani! Na kidole chako kimeshakaa, Tenga."

"Atakufa, Mzee!" Kabula alilia mbele za watu bila aibu. Akafungua ile hesabu iliyofichwa. "Mia tatu na kumi, hii hapa. Huyu ni mdogo wangu. Nawasihi, mfuteni. Nifukuzeni kazi, nifungeni, lakini mfuteni."

Kicheko kilimkauka Mzee. Akaisoma hesabu ile mara mbili.

"Mkataba unataka vidole viwili," alisema mwishowe, "na cha pili ni chake. Mwiteni. Mwenye mwili aamue."

Luhende aliingia akitokea ukumbi wa ngumi uliokuwa jirani, amevaa fulana ya mazoezi. Kabula hakumpa hata nafasi ya kuketi. Aliwasha pambano moja kati ya yale mia tatu na kumi. Raundi ya saba, ngumi ya kulia ya Galus ilitua, na kivuli cha Luhende kikaanguka chali. Mguu ulitikisika mara mbili, basi.

"Umejiona?" Kabula alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nitamwambia nini mama?"

Luhende aliinama, uso karibu kabisa na meza, akamtazama yule mtu mdogo aliyelala. Alimtazama kwa muda mrefu, na Kabula akaanza kupata matumaini.

"Mkono wa kushoto niliushusha," Luhende alisema taratibu. "Rudisha nyuma kidogo, dada. Hapo, kabla sijaanguka."