Nilibaki Ipole kwa Ajili ya Nyumba ya Igunga

Nina miaka arobaini na sita, wasomaji wenzangu, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha Puge, nikafundisha Igunga, kisha nikatua huku Ipole kwenye tumbaku na asali. Miguu yangu haijui kutulia! Ila moyo niliuacha Tabora mjini nilikozaliwa, na nilikuwa nimeomba uhamisho wa kurudi.

Ndipo serikali ikaleta posho kwa walimu wazoefu watakaobaki vijijini. Ghafla mume wangu Kasimu, dereva wa lori niliyezoea kumkosa mwezi mzima, akawa anakuja kila wiki. Ananichotea maji! Ananiita kipenzi! Mapenzi haya yametoka wapi?

Akanisihi nifute uhamisho, posho iende kwenye nyumba yetu ya uzeeni aliyokuwa akiijenga Igunga. Nikitaka kwenda kuiona, mara barabara mbovu, mara fundi kasafiri... Nilishuku. Lakini nilifuta, na posho nikawa namkabidhi yeye.

Kisha baba mkwe akafariki. Watani wetu Wagogo wakaja msibani na vituko vyao, kama ilivyo desturi. Mmoja wao, Mama Chiku, muuza vitunguu wa Igunga, akavaa koti la marehemu na kumkabili Kasimu.

"Wee Mnyamwezi! Mkeo wa Igunga umemwacha na nani? Mbona hukuja naye alie?"

"Nimekuachia wewe, mtani!"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu, na Kasimu akacheka kuwashinda wote. Nami nikacheka... Nani hukasirikia maneno ya mtani msibani? Ningeonekana sina adabu!

Ila kile kicheko cha mume wangu hakikunitoka masikioni. Shule zilipofungwa nilipanda basi bila kumuaga. Mama Chiku mwenyewe ndiye aliyenionyesha nyumba, safari hii bila utani hata kidogo. Uani nilimkuta binti mjamzito akianika mashati ya Kasimu, nikamwambia natoka Ipole.

"Shikamoo dada," akaniambia kwa furaha. "Wewe ndiye wifi yangu mwalimu? Kasimu anasema bila dada yake tusingepata hata bati!"

Nikaitikia marahaba. Kisha nikarudi kupanda basi.

Nimeomba uhamisho upya. Naambiwa nafasi ya mjini imeshajazwa, nisubiri...

Walimu wenzangu, posho ile ni haki ya miaka yenu kwenye chaki. Msimkabidhi mtu kabla hamjasimama wenyewe mlangoni pa hiyo nyumba. Na ukishuku, usione haya kuuliza, hata kama msiba mzima unacheka!